Kumuaga Babu

Leo asubuhi, kwenye matanga ya baba, shangazi alikoroga unga wa mtama kwa maji, na harufu yake ikanirudisha siku tuliyohamishiwa kijiji cha ujamaa.

Lori lilikuwa limeshapakia vyombo vyetu. Bibi alikataa kupanda mpaka marehemu babu aagwe kaburini kwa unga na maji, na mwenye kusema lazima awe mwanawe wa kiume. Baba hakuwa mtu wa msikiti, kanisa wala matambiko.

"Mama, aliyekufa hasikii."

"Kama hasikii, wewe ukisema utapungukiwa nini?"

"Bibi, panda! Gari la serikali hili," dereva alipaza sauti.

"Kwani serikali haina babu?"

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alichukua kibuyu, akachuchumaa kaburini, akamimina.

"Baba, tunahama," alisema. "Tunakwenda karibu na Mikumi."

Bibi akaridhika, akapanda. Dereva akapiga honi. Baba alikuwa bado amechuchumaa, akimweleza babu njia kwa sauti ya chini: avuke mto, aifuate reli mpaka barabara kuu, na akifika pale aulize watu.