Wifi Njoo Unionjee

Shangazi yangu alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa kioo. Ubao wa kupigia pasi ulikaa karibu na dirisha, mashati yalining'inia ukutani, na mwisho kabisa kulikuwa na pazia. Nyuma ya pazia palikuwa na jiko la gesi, sinki na meza ndogo. Hapo ndipo alipopika.

Hakungoja redio imwambie kwamba baridi inakuja. Aliijua kwa masweta. Watu walianza kuyaleta yafuliwe, bado yananuka vidonge vya kufukuza nondo, naye huyainua mpaka puani, anacheka peke yake, kisha anampigia simu baba yangu, ambaye ni mdogo wake.

"Nipitie buchani. Nataka mifupa yenye uboho, wasikupe makombo."

Mifupa ilichemka asubuhi nzima kwa moto mdogo, huku Shangazi akienda na kurudi kati ya pasi na sufuria. Vitunguu alivikaanga mpaka vikageuka rangi ya kahawia. Tangawizi aliiponda kwa ubapa wa kisu. Dengu na karoti zilifuata, na boga aliliweka mwisho lisije likavurugika. Mvuke wa supu na mvuke wa pasi vilikutana kwenye kioo cha mlango, na mimi nilikuwa nachora nyuso pale kwa kidole. Fundi viatu wa jirani, muuguzi anayetoka zamu, mwalimu wa muziki, wote walikuja kuchukua nguo wakaishia kushika bakuli.

Mtu mmoja tu alivuka pazia lile mara moja, asirudi tena: mama yangu.

Mama alikuwa msusi, na mdomo wake ulifanya kazi sawa na vidole vyake. Alipokuwa bibi harusi mpya, Shangazi alimkaribisha chakula cha mchana na kumpakulia yeye wa kwanza.

"Haya wifi, supu ikoje?"

"Tamu, wifi," Mama akajibu. "Ila naona chumvi imesafiri."

Labda yangeishia hapo, lakini Baba alicheka mpaka supu ikampalia. Shangazi akaweka upawa mezani, akavua aproni, akaenda kukaa dukani na pasi zake.

Tangu siku hiyo wifi hawa wawili walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Mengine yote yalipita kwa Baba. "Mwambie mkeo mashuka yake tayari." "Mwambie dada yako asante." Wakati mwingine walikuwa chumba kimoja, hatua chache tu kati yao, na Baba kakaa katikati anapangusa jasho. "Jamani, mimi si simu!" alilalamika, na hakuna aliyemjali.

Hata hivyo, kila baridi ilipoingia, bakuli lenye mfuniko lilifika nyumbani kwetu, na Mama alikuwa wa kwanza kulifunua. Alikula mpaka akafuta bakuli kwa mkate. Baba alipomtania, alimjibu, "Mimi nimegombana na mpishi. Na mifupa sina ugomvi."

Nilikuwa bado shule ya msingi mwaka ule Shangazi alipopata mafua mabaya. Homa ilimlaza kitandani, duka likafungwa, na aliporudi kazini alikuwa amekonda, mashavu yamemwingia ndani. Alipika kama kawaida yake. Lakini supu ilikuwa imebadilika. Leo ni chumvi tupu, kesho ni maji ya moto yenye karoti. Fundi viatu aliinywa machozi yakimlengalenga, akasema tamu. Muuguzi naye akasema tamu. Nani angethubutu kumwambia Mama Pasi neno, naye ndiyo kwanza anainuka kwenye ugonjwa?

Kwetu, Mama alionja kijiko kimoja, akakirudisha mezani.

"Huyu dada yako ana jambo."

"Una chuki zako za zamani," Baba akasema.

"Ningekuwa na chuki si ningefurahi? Mbona sifurahi?"

Siku chache baadaye Mama alinichukua shuleni, mvua ya manyunyu inapiga. Tulipokaribia duka la Shangazi tulisikia harufu ya sufu inayoungua, imetoka mpaka njiani. Tukachungulia kwenye kioo. Shangazi alikuwa amesimama na pasi mkononi, ametulia kabisa, anatazama mvua, na chini ya mkono wake moshi unapanda.

Mama alisukuma mlango. "Wifi! Unaunguza!"

Shangazi akashtuka, akanyanyua pasi. Mgongoni mwa koti la mwalimu wa muziki palikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi lenyewe.

"Hukusikia harufu?" Mama akauliza.

"Kwani inanuka?"

Mama alimnyang'anya pasi taratibu, akachomoa waya, akamtazama usoni. Sijui kama walikuwa wamewahi kutazamana vile.

"Tangu lini, wifi?"

"Tangu ile homa."

"Na ulimi?"

"Na ulimi. Mkate nautafuna kama sponji. Supu ndiyo usiseme. Nikisahau kama nimetia chumvi natia tena, halafu nawatazama watu nyuso. Wote wanasema tamu."

"Waongo wakubwa hao."

Shangazi akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, anajifuta kwa mkono wa lile lile koti lililoungua. "Wewe tu ndiye ungeniambia," alisema. "Na wewe mwenyewe nilikufungia mlango."

"Mlango gani? Mbona nimeingia?"

Mama akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya pazia. Tulisikia mfuniko ukifunuliwa, kijiko kikigonga sufuria, kisha sauti yake: "Hii supu au dawa ya kusukutua jino?"

Waliiokoa kwa maji na viazi. Mama aliendelea kuonja, Shangazi akisimama karibu naye, mikono ndani ya aproni, anauliza kama mgonjwa anayemuuliza daktari.

"Tangawizi inasikika?"

Mama angeweza kusema ndiyo yakaisha. Lakini hakuumbiwa majibu mafupi. Akafikiri, akameza, akasema, "Inachelewa. Unadhani haipo, umeshameza, halafu inakukwaruza kooni kama paka anayetaka kufunguliwa mlango."

Shangazi akafumba macho. "Na boga?"

"Boga limelainika. Linakaa ulimini kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka."

"Endelea," Shangazi akasema.

Mwalimu wa muziki alipoonyeshwa koti lake alisema wanafunzi wake wamepata cha kucheka, akalivaa hivyo hivyo baridi yote. Daktari alimwambia Shangazi kwamba harufu huenda ikarudi, huenda isirudi, avumilie. Mama hakungoja daktari. Kila zilipokuja siku za mawingu alifunga saluni mapema, akaenda kuonja. Alieleza vitunguu, akaeleza mchuzi, na katikati alichomeka habari za wateja wake, akizitia chumvi bila kupima. Mimi nilikaa juu ya mafurushi ya mashuka yaliyotoka kupigwa pasi, bado yana joto, nikifanya hesabu za shule. Sijawahi tena kukaa mahali penye joto zuri kama lile.

Nilikuwa sekondari siku nilipoona kitu. Mama alikuwa mlangoni anaongea na mteja, na vitunguu viko jikoni. Shangazi alikuwa ameinamia shati, anashona kifungo. Ghafla akainua uso, pua juu. Akaenda jikoni haraka, akapunguza moto, akakoroga. Alipogeuka akanikuta namtazama. Akaweka kidole mdomoni.

Mama aliporudi, Shangazi akasema kwa sauti ile ile ya siku zote, "Wifi, njoo unionjee."

Na Mama akaonja, akaeleza kwa kirefu.

Njiani kurudi nyumbani nilishindwa kujizuia. "Mama, Shangazi anasikia harufu!"

"Najua. Tangu mwaka jana. Alisifia mafuta yangu mapya ya nywele, halafu akajifanya hamnazo."

"Sasa unamwonjea ya nini?"

Mama akajifunga mtandio vizuri shingoni. "Wewe unataka nikakae wapi na baridi hii?"

Waliendelea hivyo mpaka magoti ya Shangazi yalipogoma kusimama kwenye ubao. Duka sasa linauza vifaa vya simu. Yeye alihamia kwetu, akapewa chumba changu, na nilipokuwa narudi likizo niliwasikia kupitia ukutani, wakibishana nani amenye karoti na nani akae karibu na jiko.

Shangazi alituacha mwaka juzi, wakati wa joto. Juzi hali ya hewa ilipoanza kupoa nilikwenda kwa Mama, tukamenya viazi pamoja, redio ikiwa chini. Akanisimulia jinsi Shangazi alivyokuwa akipandisha bega moja kila anapocheka. Miaka yote ile nilikuwa pale, juu ya mashuka, na bega lile sikuwahi kuliona.