Kona ya Kushoto

Kwa miaka kumi na tisa alifundisha watu kuendesha pikipiki, na wanafunzi wakambandika jina Magoti, maana hilo ndilo neno alilolipigia kelele kutwa kucha: "Magoti! Bana tangi! Legeza viwiko, macho yatangulie kona!" Aliyekaa kama gunia alishushwa papo hapo. Abiria nao hawakusalimika. "Dereva akilala na kona, lala naye," aliwaambia. "Ukimpinga, unamuua."

Hujafa hujaumbika. Mwaka jana kiharusi kilimpooza upande wa kushoto, na sasa abiria ni yeye. Kila Jumanne binti yake, mwanafunzi aliyewashinda wote, humpeleka kwenye mazoezi ya viungo. Humpandisha nyuma, humwekea mguu mbovu kwenye kikanyagio, kisha hujifunga naye kwa mkanda mpana kiunoni.

Jumanne moja walifika kona ya kushoto, pale kwenye kiwanda cha mbao. Binti akalala na pikipiki kama alivyofundishwa. Magoti naye alitaka kulala, haki ya Mungu alitaka! Lakini upande mbovu ulikataa katakata, na ule mzima, kwa hofu ya kuanguka, ukamvuta wima. Pikipiki ikatanua kona, ikaelekea kwenye lori lililokuwa likija. Wakaponea chupuchupu.

"Kulikuwa na mchanga, Baba," binti alisema walipofika, akihema.

"Hakukuwa na mchanga, mwanangu. Nimekupinga."

"Mchanga, nakwambia."

"Basi niache nyumbani."

"Nani akuache?"

Magoti akajiuliza: atembee? Kwa miguu ya nani? Wiki nzima alikaa kitandani akijifunza kuegemea kushoto, na kila mara mwili ulimrudisha kulia. Alilia, na hakuona haya.

Jumanne iliyofuata, kabla ya kona, binti alizima injini, akafungua mkanda, akashuka. Akaanza kuisukuma pikipiki, baba akiwa juu yake.

Dereva mmoja, mwanafunzi wa zamani, aliwapita akicheka kwa furaha ya kumwona. "Shikamoo Mwalimu! Magoti!"

"Marahaba," akajibu.

Akalitazama goti lake la kushoto, akaliamuru libane. Halikusogea hata kidogo. Binti aliendelea kusukuma, jasho likimtiririka, viwiko amevilegeza, macho yametangulia kona.