Kanda Zilizomkata Wendell

Wendell Saarela alikuwa fundi wa malori ya mgodini, yale ya kubeba mawe ya chuma, ambayo tairi lake moja ni refu kuliko mtu. Ungeweza kupanda naye gari kutoka mjini hadi getini asikwambie chochote zaidi ya unene wa barafu ziwani. Lakini kila Jumamosi mchana alishuka ngazi za kanisa kuukuu la Kilutheri, ambako redio yetu ya jamii ilikuwa imepewa chumba cha chini, akakaa mbele ya maikrofoni, na hapo akawa mtu mwingine kabisa.

Mimi nilikuwa na saa moja ya polka, muziki wa kodiani, kabla ya kipindi chake. Siku za wiki niliendesha basi la shule, na Jumamosi niliwapigia wazee muziki wa harusi zao. Nikifika wimbo wa mwisho, Wendell alikuwa ameshasimama mlangoni na kasha lake la santuri.

"Ardis, umemaliza kusaga nafaka?" Kwake yeye kodiani ilikuwa mashine ya kusaga.

"Nimemaliza, mzee. Njoo utupigie makopo yako."

Alipiga kila kitu. Roki ya zamani, magitaa ya Kongo, kwaya za Finland, vijana wa mjini wanaopayuka kama wameunguzwa na chai. Katikati ya kipindi ilikuja chemsha bongo ya historia ya roki, na hapo mji mzima ulinyamaza. Mshindi alipata chupa ya jamu ya mkewe, Marlys.

"Mwaka hamsini na tisa," aliuliza mara moja, "mpiga ngoma wa Buddy Holly aliachwa hospitalini, wenzake wakaendelea na safari. Aliumwa nini?"

Bev Tollefson, mwenye duka la vyakula vya mifugo, hakukosa kupiga simu hata mara moja. "Pombe," akasema.

"Siyo, Bev."

"Basi alipigwa na mume wa mtu."

"Bev, watoto wanasikiliza."

Jibu lilikuwa baridi. Basi lao liliharibika njiani upande wa Wisconsin, joto hakuna, miguu ya yule kijana ikaganda. Wiki nzima watu dukani walimzungumzia kwa huruma kama mtoto wa jirani. Ndivyo alivyokuwa Wendell. Mambo ya mbali aliyaleta yakakaa mezani kwetu.

Sauti ilianza kumkwaruza Novemba, wakati wa kuwinda kulungu. Alisema ni vumbi la mgodi, Marlys akasema ni sigara, na wote wawili wakangoja hadi barafu ya ziwani ikayeyuka ndipo wakaenda Duluth kwa daktari. Ilikuwa saratani ya koo. Walimtoa kisanduku cha sauti chote, wakamwachia tundu shingoni la kuvutia pumzi.

Hospitali walimpa kifaa cha kubana shingoni, ukitaka kusema kinakusemea. Alikijaribu mara moja tu jikoni kwake, sauti ikatoka kama nyuki ndani ya kopo. Mbwa akaingia chini ya meza. Marlys akacheka, halafu akaenda bafuni akafunga mlango, na Wendell akakirudisha kifaa kwenye boksi lake. Tangu hapo akawa anaandika kwenye kibao cheupe cha watoto.

Watu walikuja na bakuli za chakula cha ovenini, na kila mmoja alikuwa na la kumfariji. Bev naye akaja. "Wewe mwenyewe ulituambia, Wendell, kuna mpiga ngoma alikatika mkono na mpaka leo anapiga. Na yule wa gitaa aliyekatika ncha za vidole akajitengenezea za plastiki. Sasa wewe wa kushindwa?"

Wendell akaandika: HAO WALIKUWA HAWASEMI KWA MIKONO. Akafuta, akaandika tena: ASANTE KWA CHAKULA.

Sasa, redio yetu ilikuwa na tangazo moja la dhoruba, sauti ya Wendell, ambalo kompyuta ililirusha kila barabara zilipofungwa. "Jamani, theluji imetufungia. Kaeni ndani, chemsheni kahawa, muziki tunao." Dhoruba ya kwanza mwaka ule ilikuja mapema, na hakuna aliyekumbuka kulizima. Wendell alikuwa mezani anakunywa supu. Aliposikia sauti yake aliweka kijiko chini, akaangalia redio mpaka tangazo likaisha, kisha akainuka akaenda kulala, jua halijazama.

Marlys alinipigia simu studio. "Mtoeni hewani huyo mtu."

"Nani, Marlys?"

"Mume wangu! Mtoeni, Ardis, mtaniulia aliyebaki."

Nikampa simu Curt, meneja wetu, mtu mpole anayesikitika upesi. Marlys alimwambia afute kabisa, asije mtu akalirusha tena kwa bahati mbaya. Curt akafuta palepale, huku bado ameshika simu.

Januari, mimi nikiwa kwenye wimbo wa mwisho, nikasikia viatu vizito ngazini. Wendell alikuwa pale na kasha lake la santuri. Akanisukumia karatasi, ameandika kipindi chote kwa mkono. Juu kabisa: SOMA.

"Mimi? Mimi hata hayo majina ya bendi zako siyajui."

Akaandika kibaoni: NAJUA. INANITISHA.

Nikasoma. Nilipokosea jina alipiga meza kwa kiganja, nikarudia, nikakosea tena, akainamisha kichwa na mabega yakatikisika. Nilichelewa kutambua kwamba anacheka. Nilipobadilisha maneno nikasema "Wendell anasema," alinishika mkono na kuonyesha karatasi. Alitaka nisome kama ilivyoandikwa: mimi. Kwa hiyo nikawa nasema, "Mke wangu leo amenifukuza jikoni," "Mke wangu hapendi wimbo huu, kwa hiyo tutaupiga mara mbili." Simu zililia. Bev alishindwa swali, akatukana kidogo, na Wendell akanyoosha kidole gumba juu ingawa Bev hawezi kukiona.

Tuliendelea hivyo majira yote ya baridi. Siku moja, baada ya ibada, nilimkuta Marlys jikoni mwa kanisa anasuuza vikombe.

"Vipi kipindi, shoga? Unakisikiliza?"

"Nasikiliza. Kila Jumamosi unaniita mke wako."

Tulicheka wote wawili. Kisha akaendelea kusuuza kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Huko anaandika kurasa," akasema. "Mimi mezani ananiandikia 'chumvi'."

"Nimwambie?"

"Usithubutu. Muda wa kuandika anao mdogo, aandike anachokipenda."

Hapo ndipo aliponiambia kwamba ugonjwa umerudi, safari hii kwenye mapafu. Wendell hakuniambia. Alikuja Jumamosi tatu au nne zaidi, anapumzika kwenye kila ngazi, na mara ya mwisho Curt alimbebea santuri. Alifariki Aprili, barafu bado iko ziwani, imekuwa nyeusi. Tukamzika, tukarudi kanisani, tukashuka chini kula mkate wa nyama na kunywa kahawa, wachimba migodi wamebana tai shingoni, na kila mtu anajaribu kukumbuka swali aliloshinda.

Marlys alimfuata Curt penye birika la kahawa. "Lile tangazo la dhoruba," akasema. "Naomba nakala."

Curt aliweka kikombe chini.

"Curt, nilisema vile kwa hasira. Kompyuta haina pahali zinapowekwa za zamani?"

"Ulisema kabisa, Marlys," akasema Curt, machozi yanamtoka. "Nilifuta kabisa."

Vipindi vyenyewe hatukuwahi kuvirekodi. Nani angerekodi? Wendell alikuwepo kila Jumamosi. Nikatangaza kwenye saa yangu ya polka: yeyote aliyewahi kurekodi kipindi cha Wendell nyumbani, atuletee. Watu wakaleta. Maboksi ya viatu, mifuko, ndoo moja ya samaki imejaa kaseti. Marlys akazipanga kwenye meza ya jikoni, akaleta kinasa sauti cha zamani cha mwanawe, tukakaa mimi na yeye.

Kaseti ya kwanza, muziki. Wimbo ukaisha, akasikika mtu anavuta pumzi, halafu tak! Wimbo mwingine. Tukageuza upande wa pili, ikawa hivyohivyo. Ya pili, ya tatu, hivyohivyo. Watu walikuwa wamerekodi nyimbo. Kila Wendell alipofungua mdomo, walibonyeza kitufe cha kusimamisha.

Bev alikuja jioni ile, tukamwambia. Akakaa juu ya ndoo ya samaki iliyobaki tupu. "Kidole nilikuwa nakiweka tayari juu ya kitufe," akasema. "Nilishajua anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Akivuta tu, namkata. Miaka yote hiyo, Marlys, nimemkata." Akalia kwa sauti, na Marlys ndiye aliyemshika.

Tulizisikiliza zote, wiki kadhaa. Tulipata kikohozi. Tulipata "Haya." Tulipata "Na huyu," na mara moja "Bev, hap." Kirefu kuliko vyote kilikuwa kwenye kaseti isiyo na jina, hatukujua imetoka kwa nani. Gitaa linafifia, halafu sauti yake kamili, nzima, kabla ya ugonjwa: "Marlys leo ame." Tak.

Marlys akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akarudisha.

"Amefanya nini?" akaniuliza.

"Amepika, labda. Amemwaga maziwa."

"Au amekasirika. Miaka ile nilikuwa nakasirika sana." Akarudisha tena. "Anacheka, au? Sikiliza hapo kwenye 'leo.' Mtu hasemi 'leo' hivyo kama amegombana na mke."

"Anacheka," nikasema. Ukweli ni kwamba sikuweza kujua.

Kaseti nyingine tuliwarudishia wenyewe. Saa ya Wendell sasa wamempa mwalimu mstaafu anayezungumzia bustani, na si mbaya. Nikipita kwa Marlys Jumamosi mchana, redio imezimwa na kinasa sauti kiko mezani. Ukanda wa ile kaseti isiyo na jina umeanza kuchakaa, sauti inayumba. Curt alijitolea kuuhamishia kwenye kompyuta. Marlys alimshukuru, akamkatia kipande cha keki, akamwambia kompyuta zake anazijua.