Siku Niliyomsainia Mwalimu Kasian

Siku ile nyumbani kwetu Mlabani tulikuwepo watano: mimi, mdogo wangu Fotunata, bosi wake Mama Ritha, jirani yangu Masanja, na mwishoni kabisa Mwalimu Kasian. Wote waliniona nikiumbuka, na hata kusimulia sasa naona aibu.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikalima mpunga, nikasomesha wadogo zangu. Fotunata akawa karani wa mahesabu Morogoro, na mwaka ule alikuwa anaomba kufanya mtihani wa cheti cha uchunguzi wa udanganyifu (wale wanaowakamata wezi wa kalamu). Fomu ilitaka mtu asiye ndugu athibitishe kwamba mwombaji ni mwaminifu. Akanitumia kwa basi nimpelekee Mwalimu Kasian aliyemfundisha, nikaambiwa Mwalimu yuko msibani Mahenge, na basi linarudi kesho, na mimi ndiye niliyesaini karatasi zote za wadogo zangu tangu wakiwa shuleni (nani mwingine angesaini?), basi nikachukua kalamu nikamsainia, nikaifunga fomu kwenye bahasha ya kupelekewa bosi wake, kama ilivyotakiwa.

Wiki mbili baadaye Fotunata akaja kikazi na bosi wake. Yeye aliingia ndani kuweka mizigo, mimi nikabaki nje na Mama Ritha na Masanja, Msukuma mfuga ng'ombe.

"Huyo Mwalimu Kasian naweza kumwona kabla sijaituma fomu?" Mama Ritha akauliza.

Nikababaika, nikamwonyesha Masanja. "Ndiye huyu."

"Shikamoo mwalimu. Ulimfundisha somo gani?"

Masanja akanitazama, nikamkonyeza. "Marahaba. Masomo yote, mama. Hata ya ng'ombe."

Fotunata akatoka na maji ya kunywa, na papo hapo hodi! Mwalimu Kasian mwenyewe, amesikia mwanafunzi wake amekuja. Masanja, aliyekuwa akisoma kwake darasa la watu wazima, akaruka kutoka kwenye kigoda, akavua kofia: "Shikamoo mwalimu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Ritha akatoa fomu. "Saini hii ni yako?"

Mwalimu akanitazama mimi kwanza. "Si yangu."

Fotunata akaichukua. "Ni ya kaka. Naijua, iko kwenye ripoti zangu zote za shule." Akaichana mwenyewe, mbele yetu.

"Basi utaomba mwakani," bosi wake akasema taratibu.

Masanja akaninong'oneza, "Ungeniambia mapema, ndugu yangu, ningejiandaa."

Tangu hapo sisaini karatasi isiyo yangu. Fotunata aliomba tena, safari hii Mwalimu akasaini kwa mkono wake, na akafaulu. Yeye nimeshamwomba radhi. Lakini Mwalimu, kila nikiona baiskeli yake inakuja, najitosa shambani kama mtu anayeng'oa magugu. Huyo bado ananidai.