Bega la Kushoto

Mimi naunga mifupa. Ndiyo kazi niliyofanya tangu nilipoolewa huku juu Embu penye kahawa, na nilifundishwa na mama mkwe, si shule. Shule niliacha darasa la tatu. Mtu akianguka au akiteguka analetwa kwangu. Namshika, nasikiliza kwa vidole, narudisha mfupa mahali pake, nafunga kwa vijiti na kitambaa, napaka mafuta ya kondoo. Mfupa uliotoboa ngozi sigusi. Huyo namwambia aende hospitali, na asipite popote.

Kabla ya kuniruhusu nimguse mtu, mama mkwe alinikataza jambo moja. Nilichokikuta ndani ya mwili wa mtu nisikitoe nje. Nisiende kusema huyu nyonga yake ni mbovu, yule mgongo wake hauwezi kubeba. Niliishika sheria hiyo zaidi ya miaka arobaini. Jirani yangu alikuja siku moja kuniuliza kuhusu msichana ambaye mwanawe alitaka kumwoa, kama ni kweli aliwahi kuvunjika nyonga. Nikamwambia, "Muulize yeye." Hakunisalimia miaka mitatu. Kanisani tulikaa benchi moja, na watu walipoambiwa wapeane mikono, yeye aligeukia upande ule mwingine.

Kwa hivyo mimi najua kunyamaza. Sikuteleza kwa kutojua.

Mjukuu wangu wa kike anapigana. Si ugomvi, ni mchezo: ngumi, mateke na mieleka vyote pamoja, ndani ya uzio wa waya. Nimemlea mimi baada ya mamake kufa. Sasa amepanga chumba mtaa wa Majimbo, anauza dawa za mifugo mjini, na akitoka kazini anaenda mazoezini. Uzani wake wanauita bantam, maana yake asizidi kilo sitini na moja. Mimi gunia la kahawa mbichi la uzani huo nimebeba mgongoni mpaka kiwandani, najua ni mzigo. Lakini mtu mzima aliyejinyima chakula na maji ili afike hapo, huyo amebaki macho na meno. Alikuwa anakuja kwangu Jumamosi, napika githeri, yeye anatema mate kwenye chupa ili apungue. Nilimwambia hiyo ni dharau kwa chakula. Akacheka, midomo imepasuka.

"Cucu, nikishinda hii moja tu, nachaguliwa timu ya kwenda nje."

"Na ukishindwa?"

"Nauza dawa za kupe mpaka nizeeke."

Jumamosi moja alikuja na kocha wake, mwanamume mfupi mwenye masikio yaliyovimba kama maandazi. Walikaa uani kwangu, simu wameiegemeza kwenye sufuria, wakiangalia video za msichana ambaye mjukuu wangu angepigana naye Meru wiki tatu baadaye. Mimi nilikuwa hapo hapo, nachambua maharagwe ya njahi.

Kocha alisimamisha video kila mara na kueleza, kama mtu anayemsomea mwingine barua.

"Angalia mguu wa mbele. Anaupima umbali na huo mguu. Ukimsogelea wima, unakula teke la paja. Ukirudi nyuma, ngumi ya kulia inakufuata. Ona hapa. Ona! Huyo mwenzake hakurudi ulingoni tena, mfupa wa chini ya jicho ulipasuka."

"Na akiangushwa chini?" mjukuu wangu aliuliza.

"Hujamwangusha bado. Hakuna aliyemwangusha."

"Kocha, unanipa moyo ama unanitoa?"

"Nakupa ukweli. Ana mkono mrefu kuliko wako, ana mapigano mengi kuliko yako." Akanigeukia mimi. "Cucu, huyu wako akimaliza raundi tatu akiwa amesimama, mimi nitashukuru Mungu."

Alisema hivyo kwa utani, lakini hakuwa anacheka. Niliweka ungo chini nikaangalia hiyo simu.

Walikuwa wameirudisha mwanzo, pale msichana anapoingia. Amevaa suruali ndefu, mikono mirefu, na kitambaa kimebana kichwa, kwa sababu ni Mwislamu. Juu alikuwa na koti. Akalivua. Alitoa mkono wa kulia kwanza, akazungusha koti nyuma ya mgongo, halafu mkono wa kushoto ukatoka mwisho, ameuning'iniza tu, akivuta mkono wa koti kwa vidole vya kulia.

Nilimjua hapo. Uso wa mtoto hubadilika, lakini hivyo ndivyo nilivyomfundisha mimi kuvua nguo.

Alikuwa na miaka minane au tisa. Babake alikuwa dereva wa pikapu za miraa kutoka Maua, huko Meru, zile zinazokimbia Nairobi kama zinafukuzwa, ambazo hazisimami hata kwa maiti. Yake siku hiyo ilisimama langoni kwangu ikiwa imejaa. Akashusha mkewe na mtoto, akaniambia, "Mama, nisaidie, nitawapitia nikirudi," akaondoka mbio. Mtoto alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti siku tano zilizopita, na bega lilikuwa limekaa nje muda wote huo. Nilimlaza kwenye mkeka. Nililirudisha, lakini kwa vidole nilisikia ukingo wa kile kikombe cha bega umemeguka upande wa mbele. Mfupa uliingia, ukakaa, lakini haukuwa na ukuta wa kuuzuia.

Nilimweleza mamake. Mkono huu utafanya kazi zote. Lakini ukikunjwa nyuma ya mgongo na kuinuliwa, utatoka, na safari ya pili utatoka vibaya. Nikamfundisha mtoto, akivaa aanze na mkono mgonjwa, akivua aumalizie. Tulifanya mara kumi kwa sweta yangu mwenyewe mpaka akaanza kucheka.

Mamake alinishika mikono wakati wa kuondoka. "Mama, hili bega libaki hapa kwako. Watu wetu wakijua mtoto ana kasoro, hawataacha kusema."

Nikamwambia litabaki.

Sasa nilikuwa nalitazama kwenye simu. Niliendelea kutazama, kwa sababu macho yakishajua hayawezi kuambiwa yasione. Mkono wa kushoto haukupanda juu ya sikio hata mara moja. Akibanwa kwenye waya aligeuza upande wa kulia utangulie. Kocha aliona hayo na kuyaita ujanja.

Niliinuka nikaenda kumkatia ng'ombe majani. Nilikata mengi kuliko anavyoweza kula. Huyo msichana hakuwa amenikosea. Lakini yule aliyepasuliwa mfupa wa jicho nilikuwa nimemwona, na kila nilipoinama na panga nilikuwa nambadilishia uso, namwekea wa mjukuu wangu.

Nikarudi uani. Nikasema nikiwa nimesimama.

"Ni bega la kushoto. Usipigane na huo mkono wa kulia. Vumilia raundi ya kwanza. Ya pili atakuwa amechoka kulificha. Mwangushe, ushike mkono wa kushoto, uukunje nyuma ya mgongo na uuinue. Hutahitaji nguvu."

Kocha alinitazama. "Umejuaje, Cucu?"

"Nimeona."

Sikudanganya, lakini sikusema ukweli wote. Mjukuu wangu alinikumbatia na jasho lake. Wiki tatu walizobaki nazo walifanya hicho kitu kimoja tu, kila jioni.

Siku ya pambano tulifika Meru adhuhuri. Ukumbi uko karibu na Makutano, honi za malori zilikuwa zinasikika ndani. Niliketi kiti cha plastiki mstari wa pili. Kabla sijatulia, mtu alinisimamia mbele: mzee wa kofia, ndevu nyeupe, amefungua mikono miwili.

"Shikamoo mama! Hunikumbuki? Mimi ni wa pikapu!"

"Marahaba," nikasema. "Nakukumbuka."

Akawaita wenzake, wafanyabiashara wa Meru mjini. "Huyu ndiye! Huyu ndiye alirudisha mkono wa binti yangu. Kama si yeye msingekuwa mnakuja kumshangilia leo." Wakanisalimia kwa heshima, mmoja mmoja. Mmoja akaniletea soda. "Mamake amekataa kuja," yule baba akaendelea. "Anasema hawezi kuangalia. Nitampigia simu nimwambie daktari wetu yuko hapa, atulie. Na wewe umekuja kumwona nani?"

Nikamwambia, "Mjukuu wangu anacheza."

"Mashaallah. Yupi?"

Wakati huo mtangazaji alianza kupiga kelele kwenye kipaza sauti, na mimi nilishukuru kelele hiyo. Nikainuka kama naenda msalani. Nilienda mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Mjukuu wangu alikuwa ameketi kwenye meza, kocha anamfunga vidole. Nilikuwa nimekuja kumwambia liache hilo bega, pigana na mengine yote. Nilisimama mlangoni.

"Nini, Cucu?"

Nikauona mfupa wake wa chini ya jicho, mwembamba, ngozi imelala juu yake.

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Haya," nikasema, nikarudi kwenye kiti changu na kwenye soda ya watu.

Raundi ya kwanza ilikuwa kama kocha alivyosema. Mjukuu wangu alipigwa. Teke la paja, tena lile lile paja, halafu ngumi ya kulia, pua ikafunguka damu. Yule mzee alikuwa ameshajua yupi ni wangu. Aliinama kutoka mstari wa mbele akaniambia kwa upole, "Pole mama. Ni mchezo tu."

Raundi ya pili wote wawili walikuwa wanapumua kwa mdomo. Mjukuu wangu akaingia chini ya ngumi, akambeba kiunoni, wakaanguka pamoja, waya ukalia. Akaupata mkono wa kushoto. Alivyoushika niliona wiki tatu zile zote. Akaukunja. Yule msichana angegonga mkeka na mkono wa pili, ingekuwa imeisha, na mwamuzi alikuwa ameinama anangoja agonge. Hakugonga. Alikuwa ameuma midomo, anatazama juu. Mjukuu wangu akainua.

Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele, sikusikia kitu. Lakini vidole vyangu vilijua.

Mwamuzi alimtoa mjukuu wangu kwa nguvu. Msichana alibaki chini, bega limeshuka, mkono umegeuka upande usiokuwa wake. Babake aliruka kizuizi akigeuka nyuma na kuniita. "Mama! Njoo mama! Mwacheni apite, huyu anamjua!" Watu wakanishika mikono, wakaniinua mpaka ndani ya uzio. Nilipiga magoti. Msichana aliniangalia usoni, akanikumbuka. Akasema, "Ni lile lile, mama," kama mtu anayeomba msamaha.

Nilikuwa nimenyoosha mikono. Ndipo mjukuu wangu akaja, damu na jasho na furaha, akanikumbatia kutoka nyuma.

"Cucu! Ulisema raundi ya pili! Ulisema bega la kushoto!"

Mzee alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa binti yake. Hakuinua sauti.

"Ulimwambia."

"Nilimwambia."

"Mamake alikuomba."

"Aliniomba."

"Basi toa mikono yako."

Nikaitoa. Daktari wa mchezo alikuja na watu wa machela, wakambeba. Mzee alipita mbele yangu akiwa na koti la binti yake begani. Simu yake ilikuwa inalia mfukoni na hakuishika.

Tulirudi Embu, kocha anaimba. Mjukuu wangu alichaguliwa. Baada ya miezi miwili kocha aliniletea habari: yule msichana alipasuliwa hospitali, wakamwekea vyuma, na hata hivyo mkono haufiki kichwani. Kitambaa cha kichwa anafungwa na mamake. "Huyo amekwisha, Cucu," akasema, akatoa simu mfukoni. "Sasa hebu tuangalie huyu mwingine."

Nilimwambia aondoke uani kwangu na simu yake.

Watu bado waliletwa. Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyeteguka kifundo cha mkono akichuma kahawa. Nilimshika, nikasikia mfupa, na nikajikuta nafikiria nani angependa kujua nilichosikia. Nikamfunga nikamwambia aende hospitali. Baada yake sikumpokea mwingine.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja kunitembelea. Ana pambano karibuni, kubwa kuliko lile. Nilimwona tangu langoni. Alikuwa anatembea sawa, lakini sawa ya mtu anayehesabu hatua. Alivua viatu mlangoni, cha kulia kwanza kwa haraka, cha kushoto mwisho, amekivuta polepole kwa mikono miwili.

"Ni goti ama ni kifundo?" nikauliza.

"Hakuna kitu, Cucu. Nimechoka tu."

"Keti hapa nikushike."

"Nimesema hakuna kitu."

Akavuta mguu chini ya kiti, mbali na mimi. Tulikula. Alisifu githeri. Baadaye alitaka kubadilisha suruali, akaingia chumba alichokulia, kile ambacho nilimwogesha na kumvalisha humo miaka yote, na nikasikia anasukuma komeo ndani.

Nilikaa nje nikingoja atoke. Alichukua muda mrefu.