Saa Tatu Ni Saa Ngapi

Ofisini tunamwita Mama Shaka, naye hakasiriki. Ukimletea chai anauliza nani kaichemsha. Mimi ninayekaa naye meza kwa meza miaka yote hii, hajawahi kuniachia kompyuta yake wazi hata akienda kunawa mikono. Ananiudhi, sifichi.

Kazi yetu ni programu ya zahanati. Inawatumia wagonjwa ujumbe kwenye simu: meza dawa saa mbili usiku, choma sindano saa moja asubuhi. Kompyuta haihesabu saa kama sisi, kwa hiyo tuliazima kipande cha programu cha kuzigeuza, kilichoandikwa bure na bwana mmoja wa nchi jirani ambako saa huhesabiwa kama kwetu. Hatukuwahi kumwona, tulikuwa tunaandikiana tu. Kilifanya kazi vizuri hadi lilipokuja toleo jipya, wagonjwa wakaanza kupata ujumbe usio na saa.

Tulipomlalamikia, akajibu kwamba atakirekebisha mara moja, ila tumpe nywila ya mtambo wetu aingie mwenyewe. Humo mna majina ya wagonjwa, namba zao na maradhi yao. Mama mzazi wa Mama Shaka yumo.

"Mpe," mkuu wetu akasema. "Kuandika kingine ni kazi ya wiki nzima, na zahanati wananipigia kelele."

"Huyu si yeye," Mama Shaka akasema.

"Umejuaje?"

"Yule alikuwa hagusi kazi kabla hajauliza watoto wameamkaje. Huyu hata hodi hapigi, anataka funguo."

"Labda ana haraka zake."

"Labda."

Nikamtania kwamba siku moja atamdai mumewe kitambulisho mlangoni. Akavuta kibodi. Akamwandikia yule bwana mstari mmoja: tukutane hapa kesho saa tatu, nikupe nywila.

Asubuhi yake sote watatu tulikuwa tumekodolea macho kioo cha kompyuta. Saa tatu ikafika, ikapita. Saa nne nayo. Mkuu akaanza kufoka: mtu anatusaidia bure, tunamfanyia vituko, sasa kasusa. Mama Shaka hakubanduka kwenye kioo. Mchana nilimletea chakula mezani, maana nilikuwa namwonea huruma.

Saa tisa alasiri ujumbe ukaingia. "Niko hapa kwa wakati, kama tulivyokubaliana."

Mkuu akainua macho kwenye saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye namba tatu. Akavuta kiti, akakaa.

"Mtu aliyeandika programu ya kugeuza saa," akasema taratibu, "hajui saa tatu ni saa ngapi?"

Nilidhani Mama Shaka atatucheka, ana haki. Lakini hakucheka. Akaandika: "Mwenye kipande yuko wapi?"

Tukasubiri. Upande wa pili ukajifunga bila neno.

"Kiondoeni leo leo," mkuu akasema. "Tutaandika chetu, hata kikila mwezi."

"Tutakiondoa," Mama Shaka akasema. "Na yeye nani atamtafuta?"

Hatukuwa na namba yake ya simu. Miaka yote hiyo tulikula jasho lake bure, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza anakaa mji gani.