Dahlia zakubali Msambweni: nilizilea mwenyewe miaka ya hamsini, chumvi nusura inirudishe kwetu Taita

Wakuu, hamjambo humu? Na nyinyi wenye umri wa wajukuu zangu, marahaba, hata kabla hamjaniamkia.

Nimesoma uzi mmoja, mtu kasema kwa kujiamini kabisa kwamba dahlia ni ua la baridi, Pwani haliwezi, ukilipanda umejisumbua bure.

Nimecheka mpaka mjukuu akaja kuuliza kulikoni.

Haya nisemayo yalinikuta mimi mwenyewe. Siongezi chumvi, na mtaona kwa nini chumvi siitaki kabisa.

Dahlia Pwani zaota, wakuu, na zachanua maua makubwa kama visahani!

Mimi kwetu Taita, juu milimani kwenye ukungu. Marehemu mume wangu alikuwa Mdigo wa Msambweni, dereva wa lori. Alikuwa akipandisha nazi na kuteremsha kabichi. Safari moja akateremsha na mimi. (Nilisilimu, ndoa ikafungwa kwa heshima zake, msianze maneno.)

Mama yangu alinifungia kwenye kanga viazi vya dahlia za mlangoni kwake. Kwa wasiojua, ua hili hutoka kwenye mizizi minene, ukiiona utadhani viazi vitamu.

Sasa joto la Msambweni, jamani. Silali, sili, vipele mwili mzima. Nalia jikoni nasingizia moshi.

Mume aliponibana nikamwambia wazi: dahlia za mama zikikubali hapa, nami nitakubali. Zikifa, nirudishe kwetu.

Hakubisha. Akasema sawa. Naye alikuwa mtu wa neno lake, ndiyo maana nikaanza kuogopa.

Mara ya kwanza nilipanda masika yalipoanza. Hapo ndipo wengi mnapokosea. Masika ya Pwani hayana mchezo. Nilipofukua nikakuta uji unaonuka.

Alhamdulillahi sikuwa nimepanda vyote. Vilivyobaki nilikuwa nimevifukia kwenye mchanga mkavu, ndani ya mtungi uliopasuka.

Majirani walinicheka mpaka basi. Huku ua ni harufu. Asumini, mrihani, kilua, vitu vya kusokota kikuba mwanamke akavaa kifuani. Walipouliza dahlia yanukia vipi, nikasema hainukii. Mmoja akaniambia, "Sasa wahangaika na nini, bibi we?"

Nikajitwika mtungi wangu nikaenda zangu kisimani.

Mvua kubwa zilipokatika, upepo wa kusi ukaanza kupoza hewa, nikapanda tena. Safari hii kwa akili. Niliinua tuta ili maji yasituame. Nikachanganya mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Nikachagua upande wa mashariki wa nyumba, jua la asubuhi lafika, la alasiri lakingwa na ukuta.

Zikachipua! Nilikuwa naamka kuzitazama kabla hata ya kunawa uso.

Sasa mavyaa, yaani mama mzazi wa mume wangu. Kazi yake ilikuwa makumbi. Wanawake wa huko walikuwa wakifukia makumbi ya nazi ufukweni, bahari ikayalainisha kwa miezi, kisha wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hanipendi.

Siku moja natoka kisimani, namkuta ametandaza mabaki ya makumbi yake juu ya tuta langu lote, nadhifu kabisa. Akasema, "Nimekufunikia ardhi isikauke."

Nikamshukuru, na kweli nilifurahi.

Haukupita muda, majani yakaanza kuungua kingo. Natia maji, yazidi kuungua. Nikaokota kipande cha kumbi nikakilamba. Chumvi tupu.

Nilivimba, wakuu. Nikasema huyu mama ataka niondoke, na njia ameipata. Nikamfuata uani alipokuwa akisokota kamba, majani mkononi. "Mama, makumbi yako ya bahari yameniulia maua. Basi, mimi narudi kwetu."

Aliweka kamba chini, akatwaa ndoo, akashika njia ya kisimani.

Tuliyazoa yale makumbi yote, tukaliosha tuta kwa maji matamu, ndoo juu ya ndoo. Mchanga wetu wapitisha maji, kwa hiyo chumvi ilishuka chini. Majirani kuona mavyaa na mkaza mwana wake wateka maji pamoja, nao wakaja na ndoo zao, wale wale walionicheka.

Katikati ya kazi akasema, bila kuniangalia, "Mimi nami niliolewa hapa nikitoka Jego. Nililia hata sikumbuki hadi lini. Mwanangu kaniambia sharti lako. Nilitaka zikubali kuliko utakavyo wewe."

Nililia pale pale, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Tukafunika tuta upya, kwa makumbi makavu ya shambani yasiyoijua bahari. Miche mingine ilikufa. Iliyopona, ya Mungu mengi, ilitoa maua mekundu mpaka watu wakawa wanapitia kwetu makusudi.

Mume aliporudi safari akayazunguka, akahesabu na mashimo ya zilizokufa. Akaniambia, "Nyingine zimekubali, nyingine zimekataa. Waonaje, nikurudishe?"

Nikamwambia, "Nenda wewe. Msalimie mama, na urudi na viazi vingine. Mama yako naye ataka vya kupanda mlangoni kwake."

Nilichojifunza, wakuu: Pwani dahlia hupandwa masika yakipungua, kwenye tuta, kwa jua la asubuhi, na chochote kilichogusa bahari kikae mbali. Na mtu akikuharibia jambo, muulize kwanza alikuwa akitaka nini.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyepanda Diani, Ukunda au Mkwiro atuambie zilimtendaje. Na yule aliyesema Pwani haziwezi, nakusubiri kwenye comment, mwanangu, sina hasira nawe.